Mjadala: Bunduki haiui, anayeua ni binadamu. Kweli?

Wakuu, salaam. Naileta hoja hii hapa kwa sababu nimechoka kuisikia ikifungwa kwa sentensi moja. Kila yakitokea mauaji ya risasi, hata maiti hazijazikwa, anajitokeza mtu na kusema: "Bunduki haiui, anayeua ni binadamu. Iweke mezani mwaka mzima uone kama itamdhuru mtu." Mwingine anamrukia: "Asingekuwa na bunduki asingeua." Basi, kila mmoja anabaki na lake mpaka msiba mwingine.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayenipinga ajue pa kuanzia. Nia ndiyo inayoanzisha, sibishi. Lakini nia nyingi za kuua hazidumu. Zinapanda kama maziwa jikoni na zinashuka vilevile. Kilicho karibu na mkono wakati ule zimepanda ndicho kinachoamua kama kesho yake watu wataitwa kusuluhishwa au wataitwa kuzika.

Hili sikulisoma mahali. Nililiona nikiwa na miaka kumi na saba.

Baba yangu mdogo alikuwa na bastola ya halali, ina leseni, aliinunua baada ya kuvamiwa na wezi usiku. Ilikaa kwenye sanduku la chuma juu ya kabati la chumbani, ufunguo kwenye droo karibu na kitanda. Jioni moja yeye na kaka yake, ambaye kwangu ni baba mkubwa, waligombana kuhusu mpaka wa shamba la urithi. Maneno yalikuwa mengi, mengine siwezi kuyaandika. Mwishowe baba mkubwa akasema jambo moja kuhusu watoto wa mwenzake. Baba mdogo akanyamaza. Akainuka, akaingia chumbani.

Tukasikia sanduku likiburutwa juu ya kabati. Kisha droo ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Kisha nguo zikamwagwa sakafuni. Sebuleni hakuna aliyefungua mdomo. Baba mkubwa hakukimbia, alikaa palepale ameshika glasi ya maji asiyoyanywa. Zilipita kama dakika kumi. Baba mdogo alipotoka alikuwa mikono mitupu, shati limelowa jasho, akaketi kwenye kizingiti cha mlango akaanza kulia.

Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la vifungo na nyuzi za kushonea, chini kabisa. Mama mdogo alikuwa ameuhamishia humo majuma mawili kabla, kwa kuwa mtoto wao mdogo alikuwa ameanza kupanda viti na kupekua droo. Hakuwa na habari ya shamba wala mpaka.

Wale ndugu wawili walipatana mwaka huohuo, na baba mkubwa ndiye aliyemsimamia harusi binti wa kwanza wa mdogo wake. Sasa nawauliza mnaosema ni nia tu: siku ile nia ilikuwapo au haikuwapo? Ilikuwapo, tena ya kuua kabisa, ndani ya mtu mpole ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Ilidumu dakika kumi. Laiti ufunguo ungekuwa kwenye droo, leo mngekuwa mnanisomea kwamba tatizo lilikuwa moyo wake.

Najua kisa cha nyumbani kwetu hakitoshi kuwa ushahidi, kwa hiyo nipeleke macho mbali kidogo. Tarehe 14 Desemba 2012, huko Chenpeng katika jimbo la Henan, China, mwanamume aliingia shule ya msingi na kisu, akawajeruhi watoto zaidi ya 20. Siku hiyohiyo, katika mji wa Newtown, Marekani, kijana aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na bunduki. Wote wawili walikusudia watoto wadogo, wote wawili waliwafikia. Kule China hakufa mtoto hata mmoja. Kule Marekani waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 katika muda usiofika dakika kumi. Ukitaka kupima nia, sioni namna ya kuthubutu kusema ya huyu ilikuwa ndogo kuliko ya yule. Tofauti ilikuwa kwamba mwenye kisu lazima amfikie kila mmoja kwa mkono wake, na wakati huo wengine wanakimbia, mwalimu anafunga mlango, mtu anamkamata.

Sisemi kisu hakiui. Mwaka 2001 huko Osaka, Japani, mtu mmoja aliwaua watoto 8 shuleni kwa kisu. Tarehe 14 Julai 2016, kule Nice, Ufaransa, mtu aliendesha lori katikati ya watu wanaosherehekea, wakafa 86. Waziri Mkuu wa zamani wa Japani, Shinzo Abe, aliuawa Julai 2022 kwa bunduki ya kujitengenezea mwenyewe, katika nchi ambayo sheria zake za silaha ni kali kupindukia. Nayataja haya mwenyewe kwa sababu najua mtayaleta, na ni ya kweli. Mtu aliyekaa miezi akipanga kuua atatafuta njia. Ila huyo mpangaji ni mmoja, na wale wa dakika kumi ni wengi.

Hoja yenye uzito zaidi upande wenu, na ambayo imeninyima usingizi kuliko zote, ni Rwanda. Mwaka 1994 waliuawa mamia ya maelfu ya watu kwa siku takriban mia moja, na silaha iliyotumika mno ilikuwa panga, kifaa cha kulimia ambacho kila nyumba ya mkulima inacho. Nani atapiga marufuku panga? Pale nia ilitengenezwa. Redio ya RTLM ilianza mwaka 1993 na ikawa inawaita Watutsi mende siku hadi siku, mpaka jirani akaacha kumwona jirani yake. Hapo nakubali bila kumung'unya maneno: chuki ilikuwa silaha kabla ya panga.

Lakini soma habari za Bisesero, vilima vilivyoko magharibi mwa nchi hiyohiyo. Watutsi maelfu kwa maelfu walikimbilia huko, wakajipanga, wakapigana kwa mawe, fimbo na mikuki. Kwa wiki nzima na zaidi waliwarudisha nyuma washambuliaji wenye mapanga. Waliokuwa wanashambulia walikuwa na nia hiyohiyo, siku zote. Katikati ya Mei wakaletwa wanajeshi na wanamgambo wengi, wenye bunduki na maguruneti. Ndani ya siku chache vilima vilijaa maiti. Mtu mwenye jiwe anaweza kusimama mbele ya mtu mwenye panga. Mbele ya risasi hawezi. Kwa hiyo hata pale ambapo mnasema nia ilifanya kila kitu, aina ya silaha ndiyo iliyoamua nani ataweza kujitetea na kwa siku ngapi.

Halafu kuna bomu la kutegwa ardhini, ambalo nashangaa halitajwi kabisa katika mabishano haya. Msumbiji vita viliisha mwaka 1992. Nchi ilitangazwa kuwa haina tena mabomu hayo yanayojulikana mwaka 2015. Katikati hapo ni miaka ishirini na tatu ya watu kukatika miguu wakienda shamba na kisimani, ilhali aliyelitega huenda alishakufa, au yu hai na alishajuta, au alishasahau hata ni njia ipi. Mtoto aliyezaliwa baada ya amani anakanyaga. Nia ya nani hiyo? Silaha ile imebeba nia ya mtu mwingine ikaitunza udongoni, mwenyewe akiwa ameshaiacha. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 haukusubiri mioyo ya watu ibadilike. Ulikataza kifaa.

Hata aliyeibuni bunduki ya AK-47, Mikhail Kalashnikov, swali hili lilimfika. Miaka mingi alikuwa akijibu kwamba alitengeneza bunduki kuilinda nchi yake, na kwamba lawama ni ya wanasiasa. Uzeeni, karibu na kufa kwake mwaka 2013, alimwandikia Patriaki wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi akisema ana maumivu ya moyo asiyoyavumilia, na akauliza kama bunduki yake imeondoa uhai wa watu, je, yeye naye ana hatia ya vifo hivyo? Mzee wa miaka zaidi ya tisini, mwenye nishani zote, anauliza swali hilihili tunalobishana hapa. Kanisa lilimpa moyo kwamba alikuwa mzalendo. Mimi naona kule kuuliza kwake kuna uzito kuliko jibu alilopewa.

Karibuni tujadili.

*

Nimerudi. Nimesoma michango yote, nijibu michache.

Kaka uliyeuliza kuhusu Uswisi, kwamba bunduki ziko majumbani na mauaji ni machache: ni kweli, na ni pigo kwa wale wanaosema silaha pekee inatosha kuleta vurugu. Mimi sikusema hivyo. Ila tazama ndani. Wengi wa wenye hizo bunduki wamepitia mafunzo ya jeshi, na tangu mwaka 2007 serikali ya huko iliamua kuzirudisha ghalani risasi za jeshi ambazo wanajeshi wa akiba walikuwa wakizitunza nyumbani. Bunduki ikabaki kabatini, risasi zikaondoka. Yaani hata Waswisi, pamoja na utulivu wao wote, waliamua kuongeza hatua kati ya hasira na mlio.

Mkuu uliyeandika "sheria zinawanyang'anya silaha watu wema, wahalifu wanabaki nazo", hofu yako naielewa kwa sababu baba yangu mdogo alinunua ile bastola baada ya wezi kumvamia. Mwizi hakuwa wa kuwazwa, alikuja kweli na aliondoka na vitu. Lakini katika miaka yote aliyoimiliki, haikuwahi kumtisha mwizi hata mmoja, na mara pekee aliyoiendea alikuwa anamwendea ndugu yake wa damu. Kuhusu sheria zenyewe, angalia Australia. Aprili 1996 waliuawa watu 35 huko Port Arthur. Haikupita hata wiki mbili, serikali kuu na majimbo wakakubaliana sheria mpya, na bunduki kama 650,000 zikanunuliwa kwa wananchi na kuharibiwa. Katika miaka 18 ya kabla, nchi ile iliona mashambulizi ya risasi 13 yaliyoua watu watano au zaidi kila moja. Katika miaka karibu ishirini iliyofuata halikutokea hata moja la kiwango hicho. Wapo wanaosema mauaji ya kawaida yalikuwa tayari yanapungua kabla ya sheria, na wana hoja. Ila kwa mauaji ya halaiki sijapata maelezo mengine yanayoniridhisha.

Dada uliyegusia watu wanaojidhuru wenyewe, ahsante, umeniwahi. Hapo ndipo wazo la kwamba "mwenye nia atafanya tu" linapovunjika vibaya kabisa. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliwakataza askari wengi kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki. Askari ni walewale, msongo ni uleule, hakuna aliyewahubiria lolote. Vifo vya kujiua jeshini vilipungua kwa asilimia 40, na upungufu ulikuwa hasa siku za mwisho wa wiki. Vijana wale hawakungoja Jumatatu wakamalizie. Giza lilipita, wakarudi kazini. Na kama kuna anayesoma hapa ambaye giza hilo liko juu yake sasa, tafadhali mwambie mtu leo, na kama kuna kitu cha hatari karibu yako mpe mwingine akushikie.

Nimemwacha wa mwisho yule aliyeandika kwamba mdogo wake aliuawa kwa kisu cha jikoni na mtu aliyemtangazia kifo kwa miezi minne, na kwamba nisithubutu kumwambia lawama ni ya kisu. Ndugu yangu, pole sana. Sithubutu. Yule alikuwa na nia iliyokomaa, na hakuna kopo la vifungo ambalo lingemzuia. Nilipoandika kwamba wa aina hiyo ni mmoja na wa dakika kumi ni wengi, niliandika haraka haraka kana kwamba huyo mmoja haachi nyuma ndugu wa kumlilia. Nisamehe kwa hilo.

Lakini nimekaa na ile miezi minne yako tangu jana. Umesema alitangaza, na watu walimsikia. Kwenye jimbo la Connecticut, Marekani, tangu 1999 ipo sheria inayoruhusu mahakama kumwondolea mtu bunduki kwa muda akionekana ni hatari kwake mwenyewe au kwa wenzake, hata kama hajafanya kosa. Wanaitazama nia na silaha kwa pamoja. Sheria ile inahusu bunduki, haigusi kisu, wala isingemrudisha mdogo wako. Nataka tu kukuuliza, kama unaweza kujibu, na usipoweza nitaelewa: wale waliomsikia akitishia, walikuwa na mahali pa kwenda kusema? Na wewe, ulipokwenda, uliambiwa nini?