Ukoo wa Ujiji: maandalizi ya harusi

Shangazi Mwajuma (Ujiji): Assalaam aleikum wanangu. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mliokata tiketi semeni, nijue nalaza wangapi.

Hamisi (Dar): Shikamoo shangazi. Sisi tuko wanne, tunakuja na treni.

Shangazi Mwajuma: Marahaba baba.

Salma (Leicester): Shikamoo shangazi. Mimi na wanangu tunakuja na ndege. Huku kliniki wametupa vidonge vya kuzuia malaria, tunameza kuanzia siku moja kabla ya safari hadi wiki nzima baada ya kurudi.

Hamisi: 😂😂 Umeshakuwa mzungu. Mtu kazaliwa Mwanga ya Kigoma anajikinga na mbu wa kwao!

Dada Rehema (nesi, Tabora): Cheka tu Hamisi. Kinga ya utotoni haidumu ukihama. Wanao ndiyo hawajawahi kuwa nayo kabisa. Likizo zikifika, wanaozidiwa wodini kwetu ni haohao, watoto wa mjini waliokuja kumsalimia bibi.

Dada Rehema: Utafiti wa nchi nzima wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Tabora peke yake 23. Na treni yenu husimama hapa muda mrefu, madirisha wazi.

Hamisi: Sawa nesi 🙏 Basi nabeba mseto, ile dawa ya malaria, kuna nusu pakiti imebaki toka mwaka jana.

Dada Rehema: Imebakije? Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Ikibaki maana yake hukumaliza. Tupa hiyo! Mtoto akichemka mwili, apimwe kwanza. Anatobolewa kidole, majibu yanatoka hapohapo. Akikutwa nayo, mseto anameza akiwa ameshakula, tena chakula chenye mafuta.

Shangazi Mwajuma: Mafuta yasiwatie hofu. Mawese yapo debe zima.

Mjomba Issa (Kigoma): Malaria imetosha jamani. Wajukuu zangu wa Ulaya nitawapeleka Kibirizi wakaoge ziwani.

Dada Rehema: Shikamoo mjomba. Na kichocho?

Mjomba Issa: Marahaba. Ziwa lile tumeoga tangu tunatembea uchi, nani kafa?

Dada Rehema: Hakiui siku hiyo mjomba. Kinakaa mwilini miaka, kinakula ini taratibu. Konokono wanaobeba minyoo yake wanapenda maji yaliyotulia penye matete. Kwenye mawe na mawimbi afadhali, ila usiape. Salma, wakiingia majini wapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Ukiwapima mkishuka tu kwenye ndege, mayai ya minyoo yanakuwa bado hayajaonekana.

Mjomba Issa: Haya, tutakwenda penye mawe.

Salma: Nimeandika dada. Na homa ikitokea tumesharudi huku?

Dada Rehema: Hapo ndipo watu wanapopotea. Hata mwezi umepita, hata kama mlimeza vidonge vyote, neno la kwanza kwa daktari liwe "tumetoka Tanzania". Asipojua atasema ni mafua, atawarudisha nyumbani na panadol.

Mama Nasra (Dar): Na chakula njiani? Mimi Saranda sipiti bila kuku 😋

Dada Rehema: Kuku anayefuka moshi, kula. Kachumbari waachie. Maji ya chupa, angalia kifuniko kisiwe kimeshafunguliwa. Halafu kila familia ibebe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa mtu anayeharisha. Pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi.

Mama Nasra: Kuna jirani yangu huikoroga kwenye kikombe kimoja, eti ikolee.

Dada Rehema: Astaghfirullah. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto zaidi. Mwambie leo hii.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:47)

Shangazi Mwajuma: Kwa msiosikia vizuri, bibi anasema mmejaza dawa tu humu, hakuna aliyemuuliza anataka nini kutoka Dar. Anataka kanga doti mbili na tende.

Hamisi: 😂 Zinakuja bibi. Shangazi, vyandarua vipo?

Shangazi Mwajuma: Vitatu, na viwili vimetoboka. Watakaolala sebuleni kwenye mikeka waje na vyao, na kamba.

Mjomba Issa: Misumari ninayo.