Tangu 2014 nalala nimefunika miguu, na sasa mwanangu ameanza

Mpangaji wa Kitangiri

Wadau, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, wiki hii jambo hili limenikaa rohoni.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha pili, likizo nikaenda kwa shangazi Mabatini, hapa hapa Mwanza. Binamu zangu wakakodi CD ya The Conjuring, ile ya 2013 aliyoiongoza James Wan. Baba, mama na mabinti watano wanahamia nyumba ya shamba huko Rhode Island, Marekani, mwaka 1971. Tulikuwa sita tumebanana kwenye mkeka mmoja, taa tumezima wenyewe. Ikafika pale binti amelala, mguu wake ukavutwa. Baadaye ule mchezo wao wa kujificha: mama kafungwa kitambaa machoni, anawatafuta wanawe kwa kufuata makofi, kumbe inayompigia makofi ni mikono iliyotoka kabatini. Hatukwenda mbali, umeme ukakatika. Kabati la vyombo la shangazi lilikuwa nyuma yangu kabisa, nikahisi ubaridi wa kioo chake mgongoni. Hakuna aliyethubutu kuinuka kutafuta kiberiti. Asubuhi CD ikarudishwa, mwisho wake sikuuona.

Sasa nina miaka ishirini na sita, nina mtoto, najitegemea. Lakini hata lile joto la Februari, chumba cha bati kisicho na silingibodi, miguu yangu lazima iwe ndani ya shuka. Chandarua nakichomeka chini ya godoro pande zote, upande wa miguuni nakichomeka mara mbili. Kabati langu halina kitasa, nalifunga kwa kipande cha kanga, nikisahau naamka nikalifunge. Kwenye filamu saa za ukutani zilikuwa zinasimama saa tisa na dakika saba usiku, basi nami nikishtuka usiku wa manane sigusi simu kuangalia saa. Nangoja adhana. Na kombolela, mchezo wetu wa kujificha niliokuwa bingwa wake mtaani, niliuacha likizo ile ile.

Yote hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonivunja ni juzi. Mwanangu ana miaka mitano, tunalala kitanda kimoja. Nilikuwa nasinzia, nikasikia vidole vyake vinavuta shuka kunifunika. Akaninong'oneza, "Mama, miguu iko nje. Watakuvuta." Nikamuuliza akina nani. Akasema, "Hao unaowaogopa."

Wallahi sijawahi kumsimulia! Amejifunza kwa kunitazama tu, usiku hadi usiku. Nilikosa la kumjibu.

Halafu nyumba yenyewe iko chini ya yale mawe yetu makubwa. Usiku bati linapiga "ta!", na juu huko kuna kitu kinalia kama mtu anayekabwa. Sitafuti mganga. Namtafuta aliyewahi kuacha tabia kama hizi, anieleze alianzia wapi.

Fundi wa Mapaa

Pole sana dada. Hilo la bati niachie mimi. Mchana jua linalitanua, usiku linapopoa linajivuta lirudi, na misumari imelishika. Likijichomoa kidogo kwenye msumari ndiyo hiyo "ta!" unayoisikia. Silingibodi itapunguza sauti, haitaimaliza.

Kinacholia mawe ya juu, kwa unavyoeleza, ni pimbi. Mimi nimekulia kwenye mawe, usiku wa mbalamwezi wanapiga kelele hadi mgeni anatoka nje na panga. Mpeleke mtoto asubuhi akawaone wanavyoota jua, mwili mdogo kama sungura asiye na masikio marefu. Akishamjua mwenye sauti, sauti haitamsumbua. Wanangu wote nimewafanyia hivyo.

Mwalimu wa Awali

Hauko peke yako mpendwa. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Kristen Harrison na Joanne Cantor, waliwauliza wanafunzi wa chuo kuhusu vitu vilivyowatisha utotoni kwenye filamu na televisheni. Tisa kati ya kumi walikuwa na cha kukumbuka, na karibu robo yao hofu ilikuwa bado ipo.

Kwa mtoto wa miaka mitano usijichoshe na maelezo marefu. Umri huo unasaidiwa na kitendo: kumshika, kumruhusu afungue kabati mwenyewe mchana, aguse nguo zilizomo. Na tafadhali usimsimulie ile filamu, hata kwa nia njema. Ataichora upya kichwani, na ya kwake itatisha kuliko uliyoiona wewe.

Mzee wa Mwaloni

Mwanangu, wewe uliachwa gizani katikati ya hadithi, na bado umekaa pale pale kwenye mkeka. Mimi niliimaliza. Yule mama anapandwa na pepo, anataka kumuua mwanawe. Yule mwanamke aliyekuja kuwasaidia anamwekea mkono kichwani, anamkumbusha siku moja waliyoshinda ufukweni, yeye na mumewe na watoto wote. Kwa kumbukumbu hiyo anarudi kuwa mama yao. Wanatoka nje, kumekucha. Itazame mchana, mlango wazi, usiwe peke yako.

Mpangaji wa Kitangiri

Shikamoo mzee wangu. Asanteni wote.

Jumapili saa saba mchana mtoto alikuwa kwa bibi yake. Nikafungua mlango wa mbele na wa uani, jirani yangu anakaanga dagaa pale nje, harufu imejaa chumba kizima. Kwenye yale makofi niliisimamisha mara tatu nikatoka kumsemesha. Ilipofika pale pa ufukweni nililia. Nilikuwa nawaza Jumapili zetu kule ziwani, mwanangu anakimbiza maji na nguo zake za kanisani.

Jana alfajiri tulipanda kuwaona pimbi. Tulihesabu wanne, na mjusi mmoja mwenye kichwa chekundu ambaye mtoto alitaka aende naye nyumbani.

Kabati bado nimelifunga na kanga, hilo sijaliweza. Chandarua nimekichomeka vizuri, mbu hawana utani. Lakini shuka nililikunja likaishia magotini. Nililala macho muda mrefu, jasho linanitoka, na bati likapiga. Mwanangu akainuka, akapapasa gizani mpaka akakipata kidole gumba cha mguu wangu, akakishika. Akasema, "Limepoa hilo," akalala akiwa bado amekishika.