Mwanangu analala na simu ndani ya chandarua

Mama wa Langoni, Lamu
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kijana wangu ana miaka 11. Tangu likizo ya Agosti, simu yangu ya zamani imekuwa yake. Juzi saa saba usiku nilitoka kunywa maji, nikaona mwanga chandaruani. Kumbe yumo, kajifunika shuka gubigubi, TikTok inakwenda. Asubuhi chuoni alisinzia juu ya juzuu mpaka mwalimu akaniita. Nikimnyang'anya hali chakula. Huyu alasiri zake zote zilikuwa kuruka majini gatini na wenzake, sasa hata punda wa babake hampi maji. Nifanyeje, bila kumpiga?

Baba wa Wawili, Malindi
Waalaykumu salaam dada. Usimpige. Tazama kwanza mwaka wa kuzaliwa alioandika. TikTok na Instagram zinataka mtoto awe ametimiza miaka 13, kwa hivyo wako kajiongeza umri. Binti yangu aliandika 1999. Ndiyo maana mwanamume tusiyemjua aliweza kumtumia ujumbe wa faragha, jambo ambalo TikTok haiwaruhusu walio chini ya miaka 16. Niliusoma naye barazani, neno kwa neno, mikono ikinitetemeka. Akaunti tukaifuta pamoja. Hata ukimficha mengine yote mtoto wako, hili mweleze.

Bibi wa Shela
Mwanangu, simu isilale na mtoto. Kwangu, ikishaswaliwa Isha, simu zote huingia kikapu cha ukili juu ya kabati. Zote, na yangu na za wazazi wao. Siku za mwanzo mkwe wangu alihangaika kuliko wajukuu. Na wewe yako iweke hapo, atakuona.

Mama wa Langoni, Lamu
Allah awalipe. Bibi umenigusa, maana mimi pia huangalia status kitandani hadi usingizi unichukue. Kijana wangu alikuwa ameandika 2001. Akaunti tumeifuta, kalia sana, nikakaa naye tu. Usiku wa tatu leo simu zetu mbili ziko kabatini. Jana alasiri karudi kutoka gatini nguo zachuruzika maji ya chumvi, akala sahani mbili za wali.

Limebaki moja: mwalimu wa shule hutuma kazi za nyumbani kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku. Wenzangu mnafanyaje?