Wachapishaji wa chati za mfumo wa jua, mtawapotosha watoto wetu hadi lini?

Wakuu, nina hasira na leo nasema wazi. Hizi chati za mfumo wa jua zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu na kubandikwa madarasani zinawalisha watoto uongo, na wanaozichapa wanajua.

Ninayo moja hapa mezani. Jua limekatwa nusu pembeni, sayari zimebanana begani kwa bega, Dunia inakaribia nusu ya Mshtarii wakati kipenyo cha Mshtarii ni mara 11 ya Dunia. Mwishoni kuna Pluto, wameiandika "sayari ya 9", halafu fremu ya bluu. Kwisha habari. Pluto ilitolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, kwenye mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia kule Prague, na chati hii ni chapa mpya kabisa!

Lakini Pluto ni kosa dogo. Kinachoniuma ni umbali. Chukua uwanja wa mpira, weka balungi la sentimita 14 kwenye mstari wa goli, hilo ndilo Jua. Dunia ni punje ya ulezi, mita 15 mbele, bado hujatoka ndani ya boksi. Mshtarii uko mita 78, unakaribia boksi la upande wa pili. Zohali tayari imetoka nje ya uwanja. Neptuni iko mita 450 huko! Katikati hapo ni utupu mtupu, na huo utupu ndio mfumo wa jua wenyewe. Chati imeufuta wote.

Na baada ya Neptuni safari ndiyo kwanza inaanza. Kuna Ukanda wa Kuiper, eneo lenye magimba madogo ya barafu yanayozunguka Jua. Kuna Eris, iliyogunduliwa 2005, inayokaribia ukubwa wa Pluto na ni nzito kuizidi; hiyo ndiyo iliyowalazimisha wanasayansi wakae chini na kuamua sayari ni nini. Kuna Sedna, ambayo kwa kipimo kile kile cha balungi, ikiwa karibu kabisa na Jua iko zaidi ya kilomita 1, na ikienda mbali inapita kilomita 13. Mzunguko wake mmoja unachukua zaidi ya miaka 10,000. Mtoto gani amewahi kuisikia Sedna darasani?

Matokeo yake ndiyo haya, watu wazima wanatuma kila mahali kwamba chombo cha anga Voyager 1 "kimetoka nje ya mfumo wa jua". Chombo kiliondoka 1977, mwaka 2012 kikavuka eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua. Wingu la Oort, ambako nyota-mkia za mbali kabisa bado zinashikwa na mvuto wa Jua hili hili, kitalifikia baada ya kama miaka 300, na kinakimbia kilomita 17 kila sekunde.

Nimewapigia wachapishaji. Jibu: "Hao ni watoto wa shule ya msingi, tusiwachanganye." Watoto hao hao wanafundishwa skeli ya ramani! Mwanafunzi akichora ramani bila skeli anakatwa maksi, nyie mnachora anga zima bila skeli na mnalipwa.

Najua umbali halisi hauingii kwenye karatasi. Basi andikeni mstari mmoja chini: "Ukubwa na umbali havijachorwa kwa skeli." Wino wa mstari mmoja ni shilingi ngapi?