Programu inaganda kwenye CyclicBarrier na haitoi erra yoyote, nakosea wapi?

mchapakodi: Wakuu habari zenu. Naandika kiprogramu cha Java cha kukokotoa joto linavyosambaa kwenye bamba la chuma, bamba nimelikata vipande 8, kila kipande ni kazi yake, na kila raundi lazima wote wamalize ndo twende inayofuata. Basi nimeweka new CyclicBarrier(8), yaani kizuizi kinachongoja wote 8 wafike ndo kiwaachie, kazi zote nikazitupia newFixedThreadPool(4) (kundi la thredi 4, yaani nyuzi zinazofanya kazi sambamba) maana prosesa yangu ina kori 4. Nikiiwasha inaprinti "nimefika" mara nne halafu kimyaaa. Erra hakuna, CPU iko sifuri. Nimekesha nayo.

nyuzi_tupu: Mkuu hiyo "mara nne" ndo jibu lenyewe. Kizuizi kinangoja 8, thredi unazo 4. Kazi nne za kwanza zinafika kwenye await() (amri ya kungoja kizuizini) zinalala hapo hapo na thredi zao mkononi, nne zilizobaki ziko foleni zinangoja thredi iachiwe, na haiachiwi ng'o kwa sababu walionazo wanawangoja hao hao wa foleni. Piga jstack (zana ya Java inayoonyesha kila thredi imekwama wapi) utaziona zote nne zimeandikwa WAITING ndani ya CyclicBarrier. Weka thredi 8, au bora zaidi kata bamba vipande 4, si ndo kori ulizonazo.

mchapakodi: Aisee! Vipande 4 inakimbia mpaka mwisho. Ila kituko kipya, nikirun mara tatu napata majibu matatu, tofauti ni za desimali tu na zinaanzia pale vipande vinapopakana. Sasa kizuizi si kipo jamani?

nyuzi_tupu: Kipo mwisho wa raundi, ugomvi uko katikati ya raundi. Bila shaka una safu (array) moja ya namba za joto, unasoma humo unaandika humo humo? Jirani akija kusoma mstari wako wa mwisho, mara anakuta namba ya zamani mara umeshaibadilisha, inategemea nani kawahi. Weka safu mbili, soma ya zamani andika kwenye mpya, kuzibadilisha ifanyike kwenye kizuizi chenyewe: new CyclicBarrier(4, badilisha). Hiyo badilisha inaitwa mara moja tu kila raundi, na thredi iliyofika mwisho, wengine wakiwa bado hawajaachiwa. Na kilichoandikwa kabla ya await() wote wanakiona wakitoka, so synchronized (kufuli ya Java) ya nini.

bado_najifunza: Mi kizuizi ningekitupa kabisa. Ita invokeAll(kazi) kila raundi, hairudi mpaka zote ziishe, na hata ukiwa na thredi 2 haigandi maana kazi ikiisha inaondoka, hailali na thredi.

mzee_wa_loki: Hiyo nayo sawa. Ila anayebaki na kizuizi ajue kazi moja ikitupa eksepsheni (erra) njiani haifiki, wenzake wanangoja milele, na kama kazi uliituma kwa submit() hata hiyo eksepsheni huioni, imejificha kwenye Future (kitu kinachoshika jibu la kazi) mpaka uite get(). Mimi ilinila siku mbili, kumbe nasoma i-1 (mstari uliotangulia) nikiwa kwenye mstari wa sifuri, na huo haupo. Tangu hapo naandika await(10, TimeUnit.SECONDS), muda ukiisha mmoja anapata TimeoutException wengine BrokenBarrierException, angalau kelele zinasikika.

mchapakodi: Safu mbili zimemaliza, nimerun mara tano jibu ni lile lile mpaka desimali ya mwisho. Hiyo ya i-1 nimekimbia kuicheki 😅 yangu inaanzia mstari wa 1, nimepona.