Tupeane uzoefu: umeme na taa zinazosumbua kwenye gari la familia lililozeeka

Ethi Kwanza
Wakuu, uzi huu ni wa magari ya familia yaliyokula miaka: taa zinafifia, fyuzi zinaungua, betri jioni nzima na asubuhi haiwashi. Anayechangia aandike dalili, namna ya kupima na waya au kipuri kinachohusika, ili anayesoma aweze kwenda kwenye gari lake akajaribu.

Naanza na ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari), maana ndiyo inayopotosha watu kuliko kitu kingine. Ukikanyaga breki, taa ya parking inafifia, au indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbali. Balbu ni nzima na fyuzi ni nzima. Kilichotokea ni kwamba umeme wa breki umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unapenya kwenye nyuzi za balbu jirani kutafuta ethi nyingine. Fungua buti, toka kwenye holda ya taa fuata waya wa ethi (mara nyingi ni mweusi, kwenye baadhi ya magari ni wa kahawia) mpaka kwenye bolti iliyofungwa kwenye bati. Ifungue, kwangua rangi na kutu mpaka bati ling'ae, safisha na kichwa cha waya, kaza, halafu paka grisi kwa juu.

Kuhakiki: multimita (kifaa cha kupima umeme) kwenye volti DC, ncha moja kwenye ethi ya holda, nyingine kwenye terminali hasi ya betri, taa ikiwa inawaka. Isizidi volti 0.2. Usipime kwa ohm ukaridhika. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utasoma karibu sifuri, lakini ukibebeshwa mzigo wa balbu unashindwa.

Taa Mbele
Nyongeza kwa wenye taa kubwa hafifu. Tafadhali msikimbilie balbu za wati 100. Balbu ya H4 ni wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa dimu. Dimu mbili pekee zinakula ampea 9 hivi, na kwenye magari mengi ya zamani mzigo huo wote unapita kwenye swichi ya usukani. Ukiweka wati 100, kila moja inavuta zaidi ya ampea 8: plagi inayeyuka, swichi inaungua, na kioo cha ndani cha taa kinababuka.

Pima kwanza. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, soma volti kwenye betri, halafu nyuma ya balbu kwenye plagi. Betri ikiwa na 14 na balbu inapata 12.3, umeme unapotelea njiani. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30, ndiyo maana balbu mpya haileti tofauti.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu na moja ya taa ndefu. Pini 30 (namba za pini zimeandikwa kwenye rilei) inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, 87 inakwenda kwenye balbu kwa waya wa milimita za mraba 2.5, 86 inapokea waya wa zamani wa taa, 85 inakwenda ethi. Angalizo: magari kadhaa ya Kijapani yanakata ethi badala ya chanya. Kwa hayo, 86 ipewe chanya yenye fyuzi na 85 iunganishwe na waya unaotoka swichini. Hakikisha kwa tasta (taa ya kupimia umeme) kabla ya kukata chochote.

Balbu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaunda sehemu yenye joto kali na balbu inakufa mapema.

Fyuzi Bluu
Fyuzi ikiungua, usipandishe namba. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, na namba hiyo imepangwa kulinda waya. Kutafuta shoti (waya wa umeme unaogusa bati) bila kumaliza paketi ya fyuzi: zima vyote vinavyotumia fyuzi hiyo, ichomoe, weka balbu ya wati 21 mahali pake kwa nyaya mbili. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Anza kutikisa nyaya sehemu moja moja. Utakapogusa penyewe, balbu itafifia au kuzimika.

Pa kuanzia ni mpira unaopitisha nyaya kwenye bawaba za buti na milango. Nyaya zinakatika humo ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Unga kipande kipya chenye nyuzi laini, viungo vikae nje ya sehemu inayokunjika, visilingane mahali pamoja. Solda ndani ya mkunjo itakatika tena.

Miliampea
Betri inayokufa usiku: ipime kwanza. Iliyojaa na kupumzika ni volti 12.6 hivi, 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, angalia mkanda, terminali na kaboni brashi za altaneta (jenereta inayochaji betri).

Chaji ikiwa sawa, fungua waya wa hasi, weka multimita katikati ya waya huo na terminali hasi ya betri, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Funga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, subiri nusu saa kompyuta zilale. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ikiwa 300, chomoa fyuzi moja moja mpaka isome chini. Wanaoongoza ni redio iliyofungwa baadaye, taa ya buti na kengele ya wizi.

Ethi Kwanza
Mkuu Miliampea, niongezee mawili. Multimita ikiwa hapo, mtu asipige stata wala asiwashe taa kubwa, fyuzi ya multimita itaungua. Na ukichomoa fyuzi zote namba isishuke, zima gari, chomoa waya mnene wa altaneta, betri ikiwa imefunguliwa hasi, ufunge ncha yake kwa tepu, kisha upime upya. Ikishuka, daiodi za altaneta (zinazozuia umeme usirudi nyuma) zimeanza kuvujisha.

Taa Mbele
Wanaohamia LED kwenye indiketa: zikipepesa haraka ni kwa sababu zinavuta umeme mdogo, flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha iwe ya elektroniki. Ukiamua kutumia rezista ya ohm 6 ya wati 50, ifunge kwenye bati tupu, mbali na plastiki na nyaya, maana inachemka kiasi cha kuunguza ngozi.