Duka la pili: Kigali, Lusaka au Lubumbashi?

Mdau_Msimbazi: Wakuu, mtaji upo, nataka kufungua duka nje. Kati ya hiyo miji mitatu, wapi rushwa haitakula faida yote na amani ipo?

Kontena40: Duka la nini? Bidhaa zimetengenezwa Tanzania au ni za China zilizopitia Kariakoo? Cha kwetu kikiwa na cheti cha uasili kinaingia Kigali bila ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi. Cha China hata kikae Kariakoo mwaka mzima, hakigeuki cha Afrika Mashariki.

Mdau_Msimbazi: Mchanganyiko tu mkuu.

Binti_wa_Tunduma: Lusaka, sina mjadala. Tunduma–Nakonde ni kituo cha pamoja toka 2019, nyaraka za nchi mbili unazimalizia sehemu moja. Na Wazambia wameitoa serikali kwa kura 1991, 2011 na 2021, hakuna aliyeingia msituni.

Mzee_wa_Transit: Hela ya migodi iko Lubumbashi, kule Kongo. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, lakini Goma ni Kivu, mbali kabisa na Katanga iliko Lubumbashi. Kinachoumiza ni karatasi. FERI, yaani fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, lazima itoke kabla lori halijafika mpakani. Sasa FERI iseme tani 27, mzani wa mpakani Kasumbalesa useme 28. Ni marekebisho tu, ila mwenye kurekebisha yuko meza ya tatu, na wa meza ya kwanza hakuruhusu umfikie bila chochote. Mwenye lori anadai pesa ya kulala kila siku, kwa hiyo utalipa. Karani naye mshahara haumtoshi, na aliyempa ile meza anangoja mgao wake. Ukimfukuza leo, kesho anakaa mwingine mwenye deni lile lile.

Kisutu_Mjini: Hayo ni ya Mobutu. Toka 1965 hadi 1997 watumishi walizoea mshahara usiotoka na kujitafutia. Wakongo wanaita "Kifungu cha 15".

Kontena40: Mobutu peke yake? Mbelgiji aliondoka 1960, wasomi wa chuo kikuu hawafiki 30. Nchi ya kilomita za mraba milioni 2.3 ingeendeshwa na nani?

Binti_wa_Tunduma: Rwanda nayo ilikuwa ya Mbelgiji hadi 1962, na 1994 ikateketea. Leo ukitoa chai ofisini unajitafutia kesi.

Mzee_wa_Transit: Rwanda nzima ni ndogo kuliko mkoa wa Kigoma, dada. Karani unamfikia.

Kisutu_Mjini: Botswana je? Kubwa, na ina almasi toka 1967. Serikali ikashika nusu ya hisa za mgodi, hela ikapita kwenye bajeti.

Mzee_wa_Transit: Na watu wangapi wale? Hawafiki hata nusu ya Dar.

Kontena40: Wa Kigali, mifuko ya nailoni ni marufuku kule toka 2008. Fungeni kwa karatasi au magunia, la sivyo mnafunguliwa robota moja moja pale mpakani Rusumo.

Mdau_Msimbazi: Na ndoo za plastiki?